Ryzen 5 5500 na RAM kijiti kimoja, au nibadilishe? Niko Lamu

KijanaMkomani

Salaam aleikum wakubwa. Nataka kujiundia kompyuta ya gemu, niko Lamu mjini. Skrini ninayo tayari, 1080p ya 144 Hz. Gemu zenyewe ni Valorant na CS2 zaidi, EA FC na jamaa wikendi, na GTA V. Mara mojamoja nahariri video fupi.

Duka moja Mombasa limenipa orodha hii:

- prosesa Ryzen 5 5500
- bodi ya A520 yenye sloti 2 za RAM
- RAM DDR4-3200, 16GB, kijiti kimoja
- kadi ya grafiki RX 6600 8GB
- pawasaplai 550W
- SSD ya NVMe 500GB

Muuzaji asema 5500 na 5600 ni mtu na nduguye, na kwamba kijiti kimoja ni bora kwa sababu baadaye nitaongeza kingine. Kuna jamaa naye ananiuzia mashine iliyotoka ofisini, i7-4790 na RAM 16GB, kwa bei ya chini mno; aniambia i7 haiwezi kushindwa na "5" yoyote. Wa tatu asema RAM ya DDR4 imepitwa, nisiguse, niende AM5, ile soketi mpya ya AMD ya DDR5, moja kwa moja. Kila mmoja ananivuta kwake. Pesa yangu ni ya kukosea sifuri. Chumba ni cha ghorofani, hakina AC.

Fundi_Malindi

Waaleikum salaam, kijana. Tuitoe kwanza hiyo i7 njiani.

Hiyo 7 ni daraja ndani ya kizazi chake, haisemi kitu juu ya vizazi vingine. Kinachokwambia umri ni tarakimu za mwanzo baada ya kistari, moja au mbili: 4790 ni kizazi cha nne, mwaka 2014, kori 4 na thredi 8, RAM ya DDR3. Hata i3-12100F ya kizazi cha 12, yenye kori 4 na thredi 8 vilevile, inaiacha mbali kwa sababu kila kori inafanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo. Halafu Windows 11 rasmi inakubali Intel kuanzia kizazi cha 8, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Valorant ndani ya Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama vya kwenye bodi. Mashine ya 2014 itakusumbua hapo kabla hujafyatua risasi ya kwanza.

Na bado hujafika kwenye pawasaplai. Mashine nyingi za ofisi zina pawasaplai ndogo isiyo na waya wa pini 8 wa kadi ya grafiki, na RX 6600 inauhitaji huo waya mmoja. Ukisema utabadilisha pawasaplai, unakuta plagi ya kwenye bodi si ya kawaida, au kasha haliipokei mpya. Ile bei ya chini inaanza kupanda ngazi.

Sasa 5500 na 5600. Zote kori 6, thredi 12, soketi AM4, 65W. Tofauti iko kwenye kashe ya L3, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa: 5500 ina 16MB, 5600 ina 32MB. Chipu ya 5500 ni ileile ya 5600G iliyozimwa sehemu ya grafiki, ndiyo maana kashe ni nusu. Prosesa ikitafuta data na kuikosa ndani ya L3, inabidi iende hadi kwenye RAM, na safari hiyo ni ndefu mara kadhaa. Gemu huomba data zilizotawanyika: nani yuko wapi, risasi imepita wapi, mlango uko wazi au umefungwa. Kashe ndogo maana yake safari nyingi.

Je, utaiona tofauti? Inategemea unacheza nini. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7, prosesa zote mbili zinamaliza kazi mapema na kusubiri. Kwa fremu 144 una milisekunde 6.9 tu. Valorant na CS2 kwenye 1080p haziichoshi kadi, kwa hiyo anayeamua ni prosesa. GTA V na EA FC kwa fremu 60, usingejua ipi iko ndani ya kasha. Wewe umetaja Valorant na CS2 kwanza, na skrini ni ya 144 Hz. Chukua 5600.

Kuhusu kijiti kimoja: hapana. Prosesa hizi zina njia mbili za kuzungumza na RAM. DDR4-3200 inapitisha GB 25.6 kwa sekunde kwa njia moja, GB 51.2 kwa mbili. Kijiti kimoja kinafunga njia moja. Wastani wa fremu unaweza usikutishe; utakaouona ni mkwamo, ile fremu moja inayochelewa hasa wakati adui anatokea kwenye kona. Nunua 2×8GB zilizofungwa pamoja kiwandani.

Na hiyo ya "utaongeza kingine baadaye" ni mtego. Kiwanda hubadilisha chipu za ndani bila kubadilisha jina la kwenye boksi. Vijiti viwili vilivyonunuliwa mwaka mmoja mbali vinaweza kuwaka vizuri kwa 2400 na kugoma kwa 3200.

Nahodha64

Nakubaliana na Fundi, ila niongeze jambo ambalo watu huliruka. 5600 ina PCIe 4.0 (njia inayounganisha kadi na prosesa), 5500 ina 3.0, na wauzaji wengine wataitumia hiyo kukuuzia B550, bodi ya daraja la juu ya A520. Bodi ya A520 ni PCIe 3.0 hata ukiweka 5600. RX 6600 inatumia njia 8 tu za PCIe, kwa hiyo ikishushwa hadi 3.0 inapoteza kidogo, na hasa pale 8GB za kadi zinapojaa ikaanza kukopa kwenye RAM. Kwa gemu zako hutalijua hilo. Usinunue B550 kwa ajili ya PCIe.

Sababu nzuri za kununua B550 ni nyingine: sloti 4 za RAM, vyuma vya kupoza sehemu ya umeme inayolisha prosesa, na baadhi yake zina kitufe cha kusasisha BIOS, programu ya ndani ya bodi, bila prosesa. Pesa ikiwa haitoshi vyote, A520 + 5600 + 2×8GB inashinda B550 + 5500 + 1×16GB, tena bila kujadiliana. A520 haikuzuii kuwasha XMP, mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi iliyoandikwa kwenye boksi; inachozuia ni kuongeza kasi ya prosesa, jambo ambalo kwenye chumba kisicho na AC hulitaki.

Ukiikosa 5600, i5-12400F ni mwenzake kabisa: kori 6, thredi 12, L3 18MB. Hapo angalia vitu viwili. Soketi ya LGA1700 ina bodi za DDR4 na bodi za DDR5, na pengo la kwenye meno ya kijiti haliko mahali pamoja, kwa hiyo DDR4 haiingii sloti ya DDR5 hata ukisukuma kwa goti. Soma jina la bodi mpaka mwisho. La pili, herufi F maana yake haina grafiki ya ndani: kadi ikiharibika, skrini ni giza mpaka upate nyingine. 5600 nayo ni hivyohivyo.

BintiShela

Wa AM5 hajakosea, ila amejibu swali la mtu mwingine.

AM5 inapokea DDR5 pekee. Prosesa ya kuanzia inayofaa gemu ni Ryzen 5 7600: kori 6, L3 32MB, na ina grafiki ndogo ya ndani, jambo zuri siku kadi ikigoma. AMD wamesema soketi hiyo wataiendeleza hadi 2027 na kuendelea, kwa hiyo unaweza kubadilisha prosesa bila kugusa bodi. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini kwa RX 6600 kwenye gemu nzito kadi itakuwa imeshafika mwisho wake kabla ya prosesa, na tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda vibaya kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. DDR4 nayo imepanda. Tofauti utakayolipa kwa bodi na DDR5 ni afadhali iende kwenye kadi bora.

Kuhusu "DDR4 imepitwa" na zile namba kubwa za DDR5, piga hesabu mwenyewe. Zidisha CL (mipigo ambayo RAM inasubiri kabla ya kujibu) kwa 2000, gawanya kwa kasi, unapata nanosekunde za kusubiri:

DDR4-3200 CL16: 10
DDR4-3600 CL18: 10
DDR4-3200 CL22: 13.75
DDR5-6000 CL30: 10
DDR5-4800 CL40: 16.7

DDR5 inabeba mzigo mkubwa zaidi kwa safari moja, lakini haianzi safari mapema. Na tazama CL22 hapo: ni "3200" kwenye boksi, ni polepole ukiipima. Duka likikwambia 3200 tu, uliza CL ngapi. Unayotaka ni CL16. Kwa Ryzen 5000 unaweza kupanda mpaka 3600, kwa sababu hapo saa ya RAM na ile ya njia za ndani ya prosesa bado zinakwenda sambamba kwa 1800 MHz. Ukipita hapo chipu nyingi hulegea, zinaachana, na ucheleweshaji unaongezeka. Kununua 4000 kwa ajili ya 5600 ni kulipa zaidi upate kidogo.

Ukija kwenda AM5 siku za mbele, usinunue vijiti vya DDR5 vya 8GB. Vingi vina chipu nne tu badala ya nane na nusu ya makundi ya ndani, kwa hiyo hubaki nyuma ya 16GB za kasi ileile. 2×16GB 6000 CL30 yenye EXPO (XMP ya AMD) ndiyo ya kutafuta. Usiweke vijiti vinne pia. Kasi rasmi kwa vinne inashuka hadi 3600.

16GB zinakutosha kwa gemu ulizotaja, hata na kivinjari wazi. 32GB ni kwa anayehariri video kila siku au anayejaza gemu mods.

KijanaMkomani

Shukrani sana Fundi, Nahodha, Bi Shela. Basi ni 5600, 2×8GB 3200 CL16, na bodi ya B550 bei ikiruhusu. Maswali matatu: nitajuaje nilicholetewa ni chenyewe? Joto la hapa litaiua? Na mzigo unatoka Mombasa kwa basi mpaka Mokowe, kisha boti. Kuna la kuangalia?

Nahodha64

Nianze na safari. Prosesa za AM4 zina pini chini yake, 1,331, nyembamba kama sindano. Ikija peke yake kwenye kifuko imeshaonja kila shimo la kuanzia Garsen. Mwambie muuzaji aifunge kwenye bodi, aweke na vijiti vya RAM, arudishe bodi kwenye boksi lake na mfuko wake wa kuzuia umeme tuli. Kipoza kikubwa kisifungwe safarini, wala kadi isiwe ndani ya kasha: uzito wake unang'oa sloti. Boksi zima ndani ya mfuko wa plastiki mzito uliofungwa kwa tepu, kwa ajili ya maji ya chumvi kwenye boti. Mwambie hamali boksi la bodi libebwe juu ya mengine.

Omba pia picha ya skrini ya BIOS kabla hajatuma. Hiyo inakuthibitishia mambo mawili kwa mpigo: bodi inaitambua 5600, na RAM zote mbili zinaonekana. Bodi za B450 na B550 za shehena za mwanzo zilitoka na BIOS isiyoijua Ryzen 5000; zinazungusha feni na skrini inabaki nyeusi, na mtu anadhani prosesa imekufa. Kama BIOS ni ya zamani, asasishe yeye huko huko. Ukisasisha mwenyewe hapa, iwe juu ya UPS, betri inayoshika umeme ukipotea: umeme ukikatika katikati ya kuandika, bodi inabaki kigae.

UPS: 5600 inaweza kuvuta hadi 76W, RX 6600 132W, vilivyobaki weka 50. Pawasaplai ikipoteza kidogo njiani, ukutani unaona kama 290W kwenye gemu nzito. Tazama wati, usitazame VA. Zilizoandikwa 650VA nyingi hutoa chini ya 400W. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuzima vizuri, si kumaliza mechi.

Fundi_Malindi

Joto na uhakiki nitachukua mimi.

Majaribio unayoyaona mtandaoni hufanywa chumba kikiwa nyuzi 21 au karibu. Chumba chako wakati wa kaskazi kikifika 32, ongeza nyuzi 11 kwenye kila namba, karibu moja kwa moja. 5600 inaanza kujipunguza kasi kwenye 90. Kipoza kilichomo ndani ya boksi kinatosha lakini kitapiga kelele. Kipoza cha mnara chenye feni moja ya milimita 120 kinakupa nafasi na usingizi. Uliza kama ni ya boksi au ya "tray", kwa sababu ya tray inakuja bila kipoza. Feni mbili mbele zinaingiza, moja nyuma inatoa, kichujio cha vumbi mbele.

Joto haliui kitu upesi. Kinachoua pwani ni chumvi na unyevu. Usiweke kasha mkabala na dirisha linalopokea upepo wa bahari, na usilizime wiki tatu wakati wa kusi: mashine inayowashwa kila siku hujikausha yenyewe. RAM ikianza kutotambuliwa baada ya miezi, kwa kawaida si imekufa. Zima, chomoa waya, toa vijiti, futa meno ya dhahabu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye alkoholi ya isopropili, acha ikauke, rudisha mpaka klipu ilie "tak".

Vijiti viwili kwenye bodi ya sloti 4 vinaingia ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa, A2 na B2. Ukiweka viwili vya jirani, ya kwanza na ya pili, umerudi kwenye njia moja, na kompyuta haitakwambia kitu.

Sasa BIOS. RAM ya 3200 ya aina hii ikiwaka mara ya kwanza kwa kawaida haiendi 3200. Inaenda 2133, 2400 au 2666. Lazima uwashe XMP, au DOCP kwa bodi za ASUS. Watu wengi wanalipia 3200 na kucheza kwa 2400 miaka mizima. Ukiingia Windows, fungua Task Manager, Performance, Memory: pale chini isome 3200 na "2 of 4". Kisha fungua programu ya CPU-Z. Ukurasa wa kwanza uandike Ryzen 5 5600 na L3 32MB; ikiandika 16 umepewa nyingine, rudisha. Ukurasa wa Memory utaonyesha 1600 MHz hivi, usipige simu dukani kugomba: DDR hupeleka data mara mbili kwa kila mpigo, 1600 mara mbili ndiyo 3200.

KijanaMkomani

Na nikiwasha XMP ikagoma kuwaka kabisa?

BintiShela

Iache kwanza. Bodi nyingi hujaribu mara kadhaa zenyewe, zinazima na kuwaka, kisha zinarudi kwenye kasi ya kawaida. Ipe dakika tano. Ikibaki nyeusi, zima, chomoa waya, gusisha pini mbili za bodi za kufuta CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS) kwa bisibisi kama sekunde 10, au toa betri ya CR2032 dakika chache. Itawaka kwa 2133 au 2400.

Rudi BIOS, washa XMP tena, lakini shusha kasi hadi 3000 na uache volti 1.35. Ikiwaka, tatizo ni vijiti kutofika kasi iliyoandikwa. Una haki ya kuvirudisha. Isipowaka, jaribu kijiti kimoja kwenye A2, kisha kingine hapohapo. Kijiti kinachogoma peke yake ndicho kibovu. Vyote viwili vikikubali kwenye A2 na kugoma kwenye B2, angalia prosesa: pini iliyopinda chini yake mara nyingi huua njia moja ya RAM na kuacha nyingine nzima. Ukitaka kuitoa, washa mashine dakika kumi ipashe gundi ya joto, zima, zungusha kipoza kushoto na kulia kidogo kabla ya kukivuta. Ukikivuta wima kikiwa baridi kinang'oka na prosesa yake.

Hata ikiwaka vizuri, usisakinishe Windows kwanza. Weka MemTest86 kwenye flashi, iache ipite mara nne, hilo ni zoezi la saa kadhaa kwa 16GB. Kosa moja tu ni kosa, usiliachie. RAM yenye kosa dogo haionekani kama RAM: inaonekana kama gemu linalojifunga lenyewe, faili iliyobanwa inayokataa kufunguka, na Windows inayoharibika kila mwezi, na wewe unalaumu driva.

KijanaMkomani

Nimepata jibu la duka: 5600 ipo lakini ni ya tray, na RAM ni 2×8GB 3200 CL18. Bodi ni B550 ya sloti nne.

Fundi_Malindi

CL18 ni nanosekunde 11.25 badala ya 10. Usiikatae kwa hilo. Tray sawa, mradi ununue kipoza pamoja, na uhakikishe boksi lake limeandikwa AM4. Mwambie apige picha prosesa kwa chini kabla hajaifunga, pini zionekane mistari yote minne ya pembeni.

Nahodha64

Na gundi ya joto: kipoza cha mnara huja na kijifuko kidogo, kinatosha. Tone la ukubwa wa punje ya kunde katikati, usipake kwa kidole.